Kazi za Muziki Kando ya Barabara ya Magadi

Ukitaka kujua kama muziki unawalisha watu nchini Kenya, usianzie kwenye majukwaa makubwa ya Nairobi. Panda matatu ya 125 pale steji ya Railways Jumamosi mchana, shuka Rongai, kisha tembea polepole kuelekea Kware ukisikiliza. Ghorofani, juu ya duka la dawa, vijana wanajaribu maikrofoni kwa ajili ya ibada ya kesho. Ng'ambo ya barabara, katika kanisa la mabati, kwaya inarudia mstari mmoja mara nyingi kwa sababu sauti ya tatu imepotea na haijulikani imepotelea wapi. Katika gereji ya jirani, fundi ameng'oa viti vya nyuma vya nganya, matatu ya madoido, na anapanga spika huku dere akimsisitizia kwamba besi lazima isikike hadi steji inayofuata. Na ndani ya geti jeusi huko Rimpa, mtoto anapiga skeli kwa mkono wa kushoto, mwalimu wa kuja nyumbani akitupia saa jicho. Kote huko kuna mtu anayelipwa, au anayestahili kulipwa na hajalipwa.

Watu wa Nairobi huitania Rongai kuwa ni ughaibuni, eti ujiandae na pasipoti kabla ya kulipita duka kuu la Galleria. Waache watanie. Kwa anayetafuta riziki kwa muziki, mji huu wa Kajiado umekaa pazuri. Nyuma yake, upande wa Karen na Lang'ata, ziko shule za kimataifa ambako piano na fidla ni masomo ya kawaida. Huko huko kuna Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, ambako ngoma za jamii mbalimbali zimekuwa kazi ya kuajiriwa. Chuo Kikuu cha Multimedia, kinachofundisha mambo ya habari na utangazaji, kiko kwenye Barabara hii hii ya Magadi. Ukielekea mbele, Kiserian na kuendelea, unaingia kwa Wamaasai, ambao uimbaji wao wa sauti nyingi bila ala, olaranyani akianzisha na wenzake wakiitikia, ni darasa tosha kwa mwanafunzi wa ethnomuzikolojia. Kisha kuna makanisa ya Rongai yenyewe. Sitajaribu kuyahesabu.

Sasa njoo kwa mzazi. Mtoto wake amepata alama za kuingia chuo kikuu, na badala ya kutaja biashara au uuguzi ametaja muziki. Mzazi anamfuata mwalimu wa kwaya baada ya ibada, anamvuta kando, anauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu akimaliza ataajiriwa na nani?"

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kumtajia majina ya mastaa. Nadhani ni jibu baya, tena la hatari. Staa hahitaji shahada, na shahada haitoi mastaa. Hata ukimtaja Eric Wainaina, ambaye kweli alisomea muziki katika chuo cha Berklee kule Boston, mtazame kwa makini baada ya masomo. Mbali na albamu, alitunga tamthilia ya muziki iitwayo Mo Faya, akatunga pia muziki wa Tinga Tinga Tales, katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC. Kumtungia mhusika wa katuni wimbo wa dakika moja, utakaoimbwa na mtu mwingine na kukabidhiwa siku iliyopangwa, ni kazi ya fundi aliyesomea ufundi wake. Hicho ndicho unachopewa na chuo. Kinakufundisha kusikia sauti na kuijua, kuiandika upesi ili mwingine aisome, na kumfundisha asiyeijua. Mengine utayatafuta mwenyewe mtaani.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, kazi ya kuandaa wimbo wa taifa walipewa watu watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Walichukua wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto, wakaupangia sauti hadi ukafaa kwa kwaya na bendi ya tarumbeta. Naihesabu kuwa miongoni mwa kazi za kwanza ambazo taifa huru liliwaagizia watu wenye mafunzo ya muziki, na ukiitazama vizuri utaona haikuwa na ustaa wowote ndani yake. Omondi baadaye alibobea katika muziki wa nyatiti, akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, akaongoza tume ya rais ya muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984. Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais ikaundwa mwaka 1988. Senoga-Zake naye aliandika kitabu kuhusu muziki wa asili wa Kenya ambacho wanafunzi wa muziki wanakisoma hadi leo.

Basi kijana wa Rongai asomee wapi? Idara kongwe na yenye jina ni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, lakini iko Barabara ya Thika, yaani uvuke jiji zima, na ukiwa umebeba kinanda makanga atakutoza nauli ya watu wawili. Maseno iko mbali, magharibi, nayo imetoa walimu wengi. Kabarak, karibu na Nakuru, ina muziki pia. Daystar ina kampasi Athi River, jirani ya Kitengela. Kwenye ramani unaiona iko hapo tu, ila Mbuga ya Nairobi imelala katikati, kwa hiyo utazunguka kupitia mjini, au Kiserian na Isinya. Kwa mtu wa 125 rahisi kuliko zote ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, TUK, kilichoko Haile Selassie Avenue. Unashuka Railways, unatembea dakika chache, umefika darasani. Urahisi wa nauli si sababu ya kudharau. Kozi ya muziki haisomwi kwa vitabu tu. Unahitaji chumba cha mazoezi chenye piano saa ambazo wengine wamelala, na anayekaa saa mbili barabarani kila siku huiacha piano iwe ya wenzake.

Masharti ya kuingilia ni haya. Shahada yoyote Kenya inataka wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na idara za muziki hutaka zaidi ushahidi kwamba muziki unaujua: alama nzuri ya somo la Muziki, au vyeti vya ABRSM, bodi ya mitihani ya Uingereza ambayo mitihani yake hupanda kutoka gredi ya 1 hadi ya 8. Hapo ndipo watoto wa Rongai wengi hukwama. Shule za upili zinazofundisha Muziki hadi mtihani wa mwisho ni chache. Somo lilikuwa limeshaondolewa katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shule nyingi zilichukua hiyo kama ruhusa ya kuuza kinanda. Kwa hiyo unampata kijana aliyelelewa kanisani, masikio yake ni makali kuliko ya wahadhiri, anapiga wimbo wowote kwa ufunguo wowote, ila ukimwekea mbele karatasi yenye mistari mitano na noti juu yake anaitazama kama risiti ya mtu mwingine. Huyu asikate tamaa. Mwaka mmoja wa nadharia kwa mwalimu mzuri, au katika Kenya Conservatoire of Music, taasisi ya Nairobi ya tangu 1944, humtosha kufika gredi zinazotakiwa.

Kisha kuna mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha, nao umewapotezea watu miaka. Kozi mbili zinafanana kwenye karatasi: shahada ya muziki yenyewe, na shahada ya elimu ambayo muziki ni mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia. Zote zina hamonia, zote zina ala, wanafunzi hukaa darasa moja. Tofauti inaonekana siku ya kujisajili na TSC, tume ya serikali ya walimu. Tume hiyo humsajili mwalimu wa upili aliyesomea ualimu, mwenye masomo mawili ya kufundishia, na aliyepata angalau C+ katika kila mojawapo kwenye KCSE. Mwenye shahada ya muziki peke yake lazima arudi chuoni kuchukua diploma ya uzamili ya elimu, na kama hakuwa na hilo somo la pili kwenye cheti chake cha sekondari, mlango wa serikali unabaki umefungwa. Kwa hiyo kabla kijana hajabofya jina la kozi kwenye mtandao wa KUCCPS wa kuombea nafasi za vyuo, aulizwe waziwazi: unataka kuajiriwa na TSC au la? Akisema hajui, achague ya elimu. Mpiga piano mwenye namba ya TSC hajapoteza kitu.

Tena wakati huu mlango huo umeanza kufunguka kidogo. Mfumo wa umilisi, CBC, umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo Muziki na Densi ni somo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia mwaka 2026. Sitaki kumpaka mtu asali kwenye midomo: shule nyingi zimekimbilia sayansi, zinaona njia ya sanaa kuwa ya gharama. Hata hivyo, shule itakayoitoa lazima iwe na mwalimu anayeweza kufundisha noti, na mwalimu wa namna hiyo hatengenezwi kwa semina ya wiki moja.

Turudi kwenye lile kanisa la mabati. Ukichungulia ndani utaona ubao, na kwenye ubao hakuna mistari mitano. Kuna herufi. Juu kushoto imeandikwa "Doh ni G", na chini yake mistari ya d, r, m, f, s, l, t, iliyotenganishwa kwa nukta mbili kati ya pigo na pigo, kistari kikiwa kinarefusha sauti iliyotangulia: | d : r | m : – |. Hii ni solfa. Ilianza Uingereza katika karne ya 19 kwa Sarah Glover na John Curwen, wamisionari wakaileta, na huko ilikotoka imekaribia kusahaulika. Huku kwetu bado ni maandishi ya kila siku. Kwaya za Kikatoliki, za Kianglikana, za Kiadventista, kote utakuta waimbaji ambao hawajawahi kusoma noti za mistari lakini ukiwapa karatasi ya solfa wanaimba kwa mara ya kwanza bila kukosea, sauti zote nne.

Chuo kikuu kinafundisha mistari mitano. Kanisa na sehemu kubwa ya shule zinasoma herufi. Kati ya hayo mawili kuna kazi, na kazi hiyo inalipa. Chukua Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na ambalo shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Kila mwaka kuna nyimbo za lazima, nyingine zimeandikwa kwa mistari. Mwalimu wa shule ya Nkoroi au Kandisi anapokea karatasi hiyo, anaiona ni Kigiriki, na watoto wake wanajua solfa tu. Anampigia simu mwanafunzi wa mwaka wa pili wa TUK. Kijana anaketi usiku mmoja na MuseScore, programu isiyolipiwa, au kalamu tu na rula. Anatafuta doh. Anaandika sauti ya kwanza, halafu besi, halafu za katikati. Akifika pale wimbo unapohama ufunguo lazima aandike noti ya daraja, sauti moja yenye majina mawili, la ufunguo unaoachwa na la ufunguo unaoingiwa. Akikosea noti hiyo, kwaya nzima itaimba ukurasa wa pili juu au chini ya piano. Asubuhi anapeleka kwenye saiba, nakala arobaini. Malipo hutofautiana: wengine hudai kwa ukurasa, wengine kwa wimbo mzima.

Akifanya vizuri, shule humrudia. Sasa haitaki tafsiri ya noti tu. Inataka aje Jumanne na Alhamisi kuwafundisha, kisha inataka apange wimbo wa asili wa jamii fulani kwa kwaya, kwa sababu tamasha lina madaraja ya nyimbo za kienyeji zilizopangwa upya, na nyimbo za ujumbe zinazodhaminiwa na taasisi za serikali na kampuni. Ufundi huu wa kupanga nyimbo za asili una wakubwa wake. Arthur Kemoli, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi, aliupangia "Mwana wa Mberi" wa Waluhya sauti ambazo kwaya za mbali sana na Waluhya huziimba. Boniface Mganga aliipeleka Kwaya ya Taifa ya Muungano hadi ikarekodi Missa Luba kwa kampuni ya Philips. Mwanafunzi anayepangia shule ya Rongai wimbo wa Kimaasai anaingia kwenye ukoo huo, akipenda asipende, na ningemshauri aende Kiserian akausikilize kwa wenyewe kabla ya kuuwekea teno na besi. Mara nyingi hupangwa vibaya: lile guno la koo linalobeba mapigo huondolewa ili kwaya isikike safi, na kilichobaki kinakuwa tenzi ya kanisani iliyovaa shuka jekundu.

Kazi nyingine nitazipitia kwa haraka. Kufundisha piano nyumba kwa nyumba, Karen na Lang'ata hasa, ndiko kwenye pesa ya uhakika zaidi kwa saa, kwa sababu wazazi wanataka mtoto afanye mtihani wa ABRSM na mtihani una tarehe. Bendi za jeshi, polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa huajiri wapiga tarumbeta na klarineti, na hutoa mshahara na pensheni. Wengi wa wapigaji hao walianza wakiwa watoto katika bendi za Jeshi la Wokovu. Studio za kurekodi ziko tele, ila hapo usitegemee cheti, watakuuliza umetengeneza nini. Wanafunzi wa filamu wanahitaji muziki wa filamu zao fupi na hawana pesa. Wafanyie mmoja au wawili ili upate cha kuonyesha, halafu acha. Mpiga kinanda wa Jumapili anaweza kulipa kodi ya bedsita kwa makanisa mawili, la saa 2 na la saa 5, mradi mahubiri ya kwanza yasirefuke. Na lile la spika za nganya, usilicheke. Kujua sauti inavyokwenda ndani ya kisanduku cha chuma chenye watu 33 ni fizikia ya sauti hasa, na mafundi wanaoijua hawakosi magari.

Kuna pia ngazi ya juu ambayo watu huisahau. Emily Achieng' Akuno ni profesa wa elimu ya muziki. Aliongoza Shirika la Kimataifa la Elimu ya Muziki, ISME, kati ya 2020 na 2022, kisha akawa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, ambacho ni chuo cha sayansi na teknolojia. Mzazi anayedhani muziki ni wa watoto wasiojua hesabu apewe habari hiyo kisha aachwe aitafakari mwenyewe.

Kinachokosekana katika kozi nyingi ni somo la kudai. Wanafunzi wanahitimu wakijua kupanga sauti nane na hawajui kuandika mkataba wa ukurasa mmoja. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mpangaji wa wimbo wa asili ana haki juu ya mpangilio wake, lakini sheria haimtafuti mtu kitandani. Andika jina lako na mwaka chini ya kila ukurasa. Sajili kazi na KECOBO, bodi ya hakimiliki. Wimbo ukiingia kwenye miito ya simu, jua kwamba marekebisho ya mwaka 2022 yanampa mwenye kazi si chini ya asilimia 52 ya mapato. Huwezi kujua wimbo utafika wapi. "Kothbiro" ulirekodiwa na kundi la Black Savage mwaka 1976; Ayub Ogada akaurekodi tena kwa nyatiti, ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha rekodi ile ya zamani kwa wimbo wake "Yikes". Majina ya watunzi wa Kenya yakaingia kwenye orodha kwa sababu yalikuwa yameandikwa mahali.

Kwa kazi za hapa hapa mtaani mambo ni madogo zaidi, ila yanataka umakini ule ule. Kamati ya harusi ikikuita, uliza kabla ya kukubali: mazoezi ni mara ngapi, nani analipia gari la kubeba kinanda na spika, jenereta ipo stima ikipotea? Chukua nusu ya malipo siku mnayokubaliana, kwa M-Pesa, ili ujumbe ubaki kwenye simu. Nusu ya pili idai kabla ya keki. Keki ikishakatwa kamati hutawanyika, na mweka hazina huwa amezima simu hadi Jumanne.